Kusikiliza Kitabu ni Kusoma au ni Kudesa?

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaaga nikielekea TP, na tangu nirudi chuoni ni mwendo wa seminari, kungoja boom, na kazi za kikundi ambazo kikundi chenyewe ni mimi na mtu mwingine mmoja, wengine wanaleta majina tu ya kuandikwa kwenye jalada. Leo umeme umekatika tangu saa kumi jioni, simu ina chaji nusu, nikasema ngoja niandike kabla giza halijanishinda.

Kisa chenyewe kilianza juzi chumbani. Nimejilaza zangu, eafoni masikioni, macho nimefumba. Mwenzangu akaingia na ndoo yake kutoka bafuni, akaniuliza nafanya nini. Nikamjibu, "Nasoma riwaya." Loh! Alicheka mpaka maji yaliyobaki kwenye ndoo yakamwagika. "Unasoma umefumba macho? Hiyo unasikiliza redio, bibi wewe. Hiyo ni kudesa!" Akaenda kuwasimulia na majirani wa chumba cha pili. Sasa kila nikipita koridoni naulizwa, "Mwalimu, leo umesoma kwa sikio lipi?"

Nilinuna kidogo, sitawadanganya. Lakini swali lenyewe halikunitoka. Mimi nasomea ualimu, Kiswahili na Historia, mwakani Mungu akipenda nitasimama mbele ya darasa nikiwaambia watoto wa watu wasome. Sasa kama mwenyewe sijui kusoma ni nini, nitawaambia nini?

Basi ngoja niwape orodha ya niliyoyasoma na kuyasikiliza tangu likizo, halafu nitawaambia nilipofikia. Mimi si mhakiki jamani, ni msomaji wa kawaida tu anayesoma kwenye foleni ya chakula.

Nilianza na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Kitabu hiki nilikisoma Kidato cha Tano na cha Sita kwa ajili ya mtihani, na mnajua tunavyosoma kwa ajili ya mtihani. Hoja sita, mifano sita, utangulizi, hitimisho. Yasmin: ana msimamo. Denge: mwanamapinduzi. Basi, ukimaliza unafunga. Safari hii nilikisoma bila kalamu mkononi, na nikakuta mtu ambaye sikuwahi kumwona kabisa: Mwajuma. Yule mwanamke wa Ng'ambo anayempokea Yasmin alipokimbia ndoa ya mzee, akampa pa kulala bila kumhesabia. Kwenye notisi zangu za Kidato cha Sita Mwajuma alikuwa na mstari mmoja! Filamu yake ya mwaka 2021, ile ya Amil Shivji iliyokwenda mpaka Toronto, nayo nimeiangalia. Nzuri, picha zake zinatuliza macho, lakini kitabu kina maneno ya watu wa Unguja ambayo filamu haiwezi kuyabeba yote. Hiki someni kwa macho, tena polepole.

Cha pili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Mwenyewe alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 ndipo tukakipata kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niliwahi kujaribu kile cha Kiingereza nikaishia katikati. Nilikuwa naelewa kila neno lakini nahisi kama hawa watu wanaongea Kiswahili na mtu amewafungia mlango. Kwa Kiswahili mlango umefunguka. Yule mtoto Yusuf, miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz akidhani anakwenda matembezi kwa ndugu, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anayemfumbua macho ni kijana mwenzake wa dukani, Khalil, naye yuko pale kwa deni vilevile. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, nikaweka kitabu chini, nikatoka nje kupunga upepo. Sisi wa Historia tunaandika "biashara ya misafara" kama kichwa cha habari na vipengele a, b, c. Hatuandiki kwamba ndani ya msafara kulikuwa na mtoto anayetaka mama yake.

Cha tatu, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, baadaye kikaja kuwa cha kiada. Hiyo peke yake inatosha mtu ukitafute! Baba anamchapa binti kwa ajili ya barua ya mvulana, anamlinda kama mbuzi wa kafara, halafu binti anaingia duniani hajui lolote kuhusu dunia. Rosa naye alisomea ualimu, wadau. Nilipofika pale anapoingia chuo cha ualimu, na yanayomkuta kwa wakubwa waliopaswa kumlinda, niliacha kusoma kama mtu wa fasihi, nikawa nasoma kama binti niliyeko chuoni. Sitasema zaidi. Wasichana someni. Wavulana pia, tena nyie zaidi.

Sasa tuje kwenye masikio. Nilipata mwezi mmoja wa majaribio bure wa vitabu vya sauti nikachukua cha Trevor Noah, Born a Crime, cha mwaka 2016. Si riwaya, ni maisha yake mwenyewe ya utotoni Afrika Kusini, mama Mxhosa na baba Mswisi, wakati ambapo sheria za ubaguzi zilifanya kuzaliwa kwake kuwe kosa. Uzuri ni kwamba anakisoma mwenyewe. Akimwiga mama yake unamsikia mama. Akiingia Kizulu au Kixhosa, ulimi unakwenda wenyewe. Ningekisoma kwa macho ningeyaruka yale maneno, maana sijui yanavyotamkwa. Kuna mahali mama anamsukuma atoke kwenye basi dogo linalotembea ili kumwokoa, na mwenzenu wakati huo niko kwenye daladala, nimesimama, nacheka peke yangu na machozi yananitoka hapohapo. Konda akaniuliza, "Dada, uko sawa?"

Pia nimesikiliza simulizi kadhaa za Kiswahili huko YouTube. Hapa nina sifa na nina ugomvi. Sifa kwanza: wapo wasomaji wana sauti, jamani. Anakugeuzia mzee, mtoto, askari, wote mtu mmoja. Wapo akina mama wanasikiliza wakichoma vitumbua, madereva wanasikiliza barabarani, walinzi wanakesha nazo. Watu wanaosemwa kila siku kwamba "Watanzania hawasomi" wanamaliza riwaya nzima kwa wiki. Ugomvi: kwanza ile muziki! Mtu anasema "akafungua mlango", radi inapiga, kinanda kinalia, husikii aliyefungua mlango ni nani. Pili, na hili ndilo kubwa, nyingine mwandishi hatajwi kabisa. Nilisikiliza moja ya upelelezi vipande vinane, na mpaka mwisho sikuambiwa kaiandika nani wala kama aliombwa ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, lakini hata bila sheria, huo si uungwana. Mtu kakesha anaandika, wewe unachukua unasoma, matangazo yanakuingizia pesa, yeye au watoto wake hawajui. Nami niliyesikiliza bure nimo humohumo, sijitoi.

Turudi kwa mwenzangu na ndoo yake. Yeye hoja yake ni kwamba kusoma ni kazi ya macho na akili, kusikiliza ni kulishwa. Nikamwambia habari ya bibi yangu. Bibi hakwenda shule, hajui a wala be. Lakini mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, anaujua utadhani alikuwemo. Mkwaju yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, Tunu mkewe, nani alisema nini, bibi anakupangia. Tena anahakiki! Anakwambia Tunu alikosea wapi. Utamwambia huyu hajui hadithi? Na tenzi zetu je? Utendi wa Mwana Kupona uliandikwa mwaka 1858, lakini wangapi waliupata kwa kusomewa na kuimbiwa, si kwa kuushika mkononi? Fasihi yetu ilikuja kwa sikio muda mrefu kabla ya mimi kuletewa maswali ya "jadili kwa mifano".

Hapo nilidhani nimeshinda. Mwenzangu akanyamaza, halafu akaniuliza swali moja tu: "Na yule mwanafunzi wako wa TP?"

Nikakosa jibu.

Sikuwahi kuwasimulia huyu. Kwenye TP nilipewa Kidato cha Tatu, wanafunzi zaidi ya themanini, na nakala za Takadini ziko nne, mojawapo haina jalada. Utagawaje vitabu vinne kwa watu themanini? Nikaamua kuwasomea kwa sauti. Nilisimama katikati ya madawati nikasoma, mama Sekai anavyomkimbiza mwanawe mchanga usiku kwa sababu mila inataka mtoto albino auawe. Darasa likawa kimya mpaka unasikia bati linavyolia kwa jua.

Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mmoja ambaye walimu walishanionya kwamba "huyo usihangaike naye". Ukimpa asome aya moja anakwama kila neno la tatu, wenzake wanacheka. Siku ya nne nilimwomba aeleze tulipoishia. Akasimama, akaeleza yote, na majina, na nani alikuwa na hofu na kwa nini. Akaongeza kwamba Sekai hakuwa jasiri, alikuwa anaogopa sana, ila alimwogopea mtoto kuliko alivyojiogopea yeye. Hiyo haimo kwenye notisi zozote nilizowahi kuziona. Nilijikuta nampigia makofi.

Wiki iliyofuata nikatoa jaribio la kuandika. Akapata tatu kwa ishirini. Mistari minne, haisomeki.

Mwalimu mmoja mzoefu aliniambia bila ukali, "Madam, umewafurahisha. Lakini Necta hawasikilizi, wanasoma." Na TP ikaisha tukiwa hatujamaliza kitabu. Siku ya kuaga, yule kijana alinifuata mlangoni akaniuliza, "Madam, kesho nani ataendelea?" Sikuwa na jibu, nikamwambia atakuja mwalimu mwingine. Sijui kama alikuja.

Kwa hiyo, wadau, msimamo wangu ni huu, na si ule niliouanza nao. Kusikiliza kitabu si kudesa. Yule kijana aliielewa Takadini kuliko mimi nilipokuwa Kidato cha Tatu nikikariri dhamira. Anayesema aliyesikiliza hakukutana na kitabu anakosea. Lakini mimi naweza kufumba macho na kusikiliza kwa raha kwa sababu nikiyafumbua najua kusoma. Kwangu sikio ni hiari. Yeye hana kingine, na mimi kwa wiki kadhaa nilimpa alichonacho tayari, nikafurahia makofi, sikumpa alichokosa. Ningeweza kumkalisha na nakala moja mbele yake, kidole kinafuata mstari wakati nasoma, ili jicho lishike mkia wa sikio. Sikufanya. Nilikuwa najisikia msimuliaji mzuri mno.

Nilifikiria nirekodi sura zilizobaki kwa simu niwatumie. Halafu nikakumbuka nilivyowasema watu wa YouTube hapo juu. Aibu. Basi boom likitoka nanunua nakala mbili za Takadini, nyama choma zitasubiri. Nitazituma pale shuleni kwa jina la dawati lile la nyuma, na barua fupi kwa jirani yake anayesoma vizuri: wewe soma kwa sauti, yeye afuatishe kwa kidole, kila siku kurasa mbili, msiruke.

Mwenzangu nimemsomea hii yote kabla sijaituma, kwa sauti, gizani. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema atachangia nakala ya tatu.

Chaji imebaki kidogo. Tuonane, na nyie mniambie, mnasoma nini siku hizi, na kwa kiungo kipi?