Serikali inaona pesa zako, benki haizioni

Tuseme uko Wote, Mwingi ama Kitui mjini, unalipia bedsita kila mwezi, na ulishajisajili Boma Yangu kwa simu ukingoja nyumba yako. Kuingia kwenye foleni ni rahisi. Kupitishwa mkopo ndiyo kazi.

Kama umeajiriwa, ile asilimia 1.5 ya mshahara unaijua, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Lakini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 19, 2024, haikuishia kwa walioajiriwa. Inataka asilimia 1.5 ya mapato ya kila mtu, awe na mshahara ama asiwe nao. Kwa hiyo jamaa wa bodaboda pale Emali, kisheria, anadaiwa kama karani wa kaunti.

Sasa ngoja huyo wa boda aende kuomba mkopo.

Mikopo nafuu ya nyumba inategemea kampuni inayoitwa KMRC, ambayo serikali ina hisa asilimia 25. KMRC haikukopeshi wewe. Inapatia benki na Sacco pesa za riba ya chini, nazo zinakukopesha kwa riba isiyofika asilimia 10, kwa miaka mingi. Ni poa, ukilinganisha na mikopo ya kawaida. Shida ni kwamba ukishindwa kulipa, hasara ni ya benki. Kwa hivyo ni benki inayoamua nani anapita, na inaanza na hati ya mshahara.

Twende hesabu kidogo. Mshahara wako ni Sh40,000. Ushuru wa nyumba unachukua 600, SHIF 1,100, NSSF 2,400, na PAYE karibu 3,150. Unabaki na kama Sh32,750. Mkopo wa Sh2 milioni kwa riba ya asilimia 9.5, miaka 20, unataka karibu Sh18,640 kila mwezi. Unabaki na Sh14,110.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na wakopeshaji wengi hutumia kipimo hicho. Theluthi ya 40,000 ni Sh13,333. Umepita, lakini kwa shilingi mia saba hivi! Ukiwa na mkopo mdogo wa Sacco unaokatwa kazini, umeanguka. Ukiwa na deni la chuo, pia umeanguka (na deni hilo halijali kama ulihitimu ama uliachia katikati, tuulize sisi). Na bado hatujagusa deposit, wala jina lako kule CRB kwa sababu ya mkopo wa simu.

Hapo ni kwa mwenye hati ya mshahara. Yule wa boda, ama dada anayeuza maembe msimu na mitumba miezi mingine, anaweza kuwa anaingiza pesa kuliko karani. Lakini mapato yake hupanda na kushuka kama mvua ya Ukambani, na fomu ya benki inataka kiasi kimoja kila mwezi.

Utasema, basi nijenge ocha, shamba lipo. Sawa, hata hiyo sheria inataja nyumba za mashambani. Ila benki itataka hatimiliki, na mashamba mengi Kitui na Makueni bado yako kwa jina la babu aliyeshazikwa. Mpaka familia imalize kesi ya urithi, hapo hakuna dhamana. Ajabu ni kuwa fleti ya orofa ya tatu ni afadhali: tangu sheria ya 2020 kuhusu nyumba za ghorofa, inaweza kuwa na hati yake yenyewe.

Kinachoniuma ni hiki. Wakati wa kukata, serikali imekubali kwamba mapato ya juakali ni mapato. Wakati wa kukopesha, imeachia benki iseme hayahesabiki. Ingeweza kubeba sehemu ya hasara ili benki ziache kuogopa.

Sheria hiyo imeweka kamati ya nyumba katika kila kaunti. Ukikutana na wa kwenu, usimuulize nyumba zitaisha lini. Muulize kama taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 inatosha kuomba mkopo, na kama haitoshi, ni nani aliyeamua.