Waacheni Wanafunzi Wahariri



Kila muhula unapoanza hunijia vijana wawili watatu wanaosomea shahada ya kwanza, wote wakiwa na swali moja: "Mwalimu, nikijiunga na jarida la utafiti la wanafunzi, litanisaidia kupata kazi?" Swali lenyewe si baya. Mtu aliyelipiwa karo kwa ng'ombe kuuzwa ana haki ya kuuliza kila saa yake inakwenda wapi. Kinachonikera ni majibu anayopewa kabla hajanifikia. Wako wanaomwambia ajiunge upesi, maana jina lake likichapishwa katika orodha ya wahariri, wasifu wake utapendeza machoni pa waajiri. Wako pia wahadhiri wanaomwambia aachane na mchezo huo: utafiti ni wa wenye shahada za uzamivu, yeye akariri, afaulu, aondoke. Wale wa kwanza wanamfundisha ulaghai mdogo. Hawa wa pili wanamfunga miguu, nao ndio ninaogombana nao hasa.

Hebu twende kwanza Dar es Salaam, mwaka 1969. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, waliokuwa katika umoja wao uliojulikana kama USARF, walianzisha jarida wakaliita Cheche. Walipiga taipu kwenye stensili, wakarudufu kurasa, wakazipanga na kuzibana wenyewe. Ndani yake hamkuwa na porojo za mabweni. Mlikuwa na uchambuzi wa uchumi, wa elimu, wa siasa za Afrika. Toleo maalumu la Septemba 1970 lilibeba kazi ndefu ya kijana wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka ndani ya Tanzania yenyewe, na hapo ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Azimio la Arusha. Novemba mwaka huo huo, Cheche na USARF vyote viwili vilipigwa marufuku. Jina la jarida, walisema wakubwa, lilikuwa limeazimwa ugenini.

Sasa tazama waliokuwa wamelizunguka jarida lile. Shivji alikuja kuwa profesa wa sheria, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika. Karim Hirji, mmoja wa wahariri, alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Akawa profesa wa takwimu za tiba. Zakia Meghji akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanzania. (Mwenyekiti wa kwanza wa USARF, kabla Cheche haijazaliwa, alikuwa kijana kutoka kwetu Uganda aitwaye Yoweri Museveni, lakini huyo tumwache, habari zake zinahitaji ukurasa wake.) Sheria, takwimu, hazina ya taifa: njia tatu zisizofanana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefunzwa kazi yake na Cheche. Walichokipata pale ni mazoea ya kuandika jambo, kulitia jina, na kubaki wamesimama nyuma yake hata anapokuja mwenye madaraka kuuliza nani kaandika.

Na hapa kwetu Makerere? Tangu mwaka 1958 wanafunzi wa Kiingereza walikuwa na Penpoint. Lilikuwa jarida la fasihi, halikuwa la utafiti, lakini meza ya mhariri ni ile ile. Ngugi wa Thiong'o, enzi hizo akiitwa James Ngugi, amesimulia jinsi alivyomkabili mwanafunzi mwenzake Jonathan Kariara, aliyekuwa na mkono katika jarida hilo, akamwambia ana hadithi fupi aliyoiandika. Hakuwa nayo. Baada ya kusema uongo huo hakuwa na budi kwenda kuiandika. Baadaye yeye mwenyewe akakalia kiti cha uhariri, na mwaka 1964 riwaya yake ya kwanza kuchapishwa ikatoka. Uongo ule nausamehe kwa moyo mkunjufu. Ninachotaka ukione ni kwamba palikuwapo mwanafunzi wa kuambiwa "lete nisome". Chuo kisicho na mtu huyo kinangojea vipaji vijizae vyenyewe.

Najua pingamizi lako, msomaji, na ni zito. Utasema hao walikuwa hodari tangu mwanzo. Wangefika walikofika hata bila jarida. Huenda. Watu mashuhuri watatu au wanne hawathibitishi kanuni, na mhariri yeyote wa jarida la wanafunzi anayejua kazi yake angenirudishia makala hii kwa sababu hiyo. Tena wako wengi waliokesha wakisahihisha nakta na mikato ambao leo hakuna anayewajua. Kwa hiyo niache majina makubwa nikupe dogo, langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi nilihariri kijarida cha idara. Rafiki yangu aliandika makala kuhusu ufundishaji wa Kiswahili katika shule za wilaya moja, akataja idadi ya shule zenye walimu wa somo hilo. Idadi ile ilinifurahisha, ilitutetea, nikaipitisha bila kuuliza. Baada ya wiki chache tukapokea barua ya mwalimu mzee: shule yake imo katika hesabu yenu, naye hajawahi kuona mwalimu wa Kiswahili akikanyaga hapo. Tukachapisha masahihisho ukurasa wa kwanza. Nililiandika tangazo lile kwa mkono wangu na sikumtazama mtu usoni siku nzima. Tangu siku hiyo simsikii mgombea akitaja takwimu jukwaani, hata mgombea ninayempenda, pasipo kujiuliza nani alihesabu na alihesabuje. Hilo halimo katika wasifu wangu, na hakuna mwajiri aliyewahi kuniuliza. Lakini kila kazi niliyoifanya baadaye niliifanya na barua ile mfukoni.

Wapenda mapambo hupenda kumtaja Barack Obama, kwamba alichaguliwa rais wa Harvard Law Review mwaka 1990, mtu mweusi wa kwanza, na kwamba habari hiyo ndiyo iliyomletea mkataba wa kitabu. Ni kweli. Wanachosahau kukisema ni kwamba jarida hilo, lililoanzishwa mwaka 1887, huhaririwa na wanafunzi wenyewe. Wao ndio wanaoamua kipi kichapwe, hata mswada ukiwa wa profesa.

Linganisha na hali ya kwetu. Nimeona jarida la wanafunzi ambamo mlezi wa idara ndiye mhariri, mhakiki na mwamuzi, na wanafunzi ni wabeba karatasi. Nimeona makala iliyotafitiwa na binti kwa miezi saba ikichapishwa jina la mhadhiri likitangulia, naye hakuwa ameongeza hata koma. Nimewaona vijana wakichangishana pesa kulipia majarida ya mtandaoni yanayochapisha chochote ndani ya siku tatu, kwa kuwa wameambiwa kinachohesabiwa ni jina kutokea. Nasi tunaofundisha Kiswahili tusijitoe. Nimehudhuria makongamano ya CHAWAKAMA, wanafunzi wa Afrika Mashariki wakisoma makala nzuri kwa lugha safi, tukazipigia makofi, kisha waandishi wakazirudisha mikobani na hatukuziona tena. Makofi ni rahisi kuliko uhariri.

Idara ikitaka kutengua haya haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji chumba chenye ufunguo, mhadhiri mmoja anayekubali kusoma bila kutia jina lake, na ahadi ya maandishi kwamba makala isiyompendeza mkubwa haitazuiwa kwa sababu hiyo peke yake. Hii ya tatu ndiyo ngumu, na waliofunga Cheche waliijua bei yake vizuri kuliko sisi.

Wiki iliyopita binti wa mwaka wa tatu alinijia na mswada wake umejaa wino mwekundu. Aliyeusahihisha ni mvulana wa mwaka wa pili, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Mwalimu, mdogo wangu kabisa yule, ananiuliza takwimu hizi nimezitoa wapi!"

Nikamuuliza, "Umezitoa wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akafungua mkoba na kuanza kulitafuta daftari lake.