"Hivi Karibuni" ni Lini?

Waitaliano wana neno prego: humkaribisha mgeni, humpisha mtu mlangoni, hujibu shukrani. Letu la kulinganisha nalo ni karibu, nalo limebeba mzigo mkubwa zaidi. Hujibu hodi, humwita mpita njia kwenye sahani ya chakula, hupima umbali ("karibu na mto") na hesabu ("karibu watu mia"). Asili yake ya Kiarabu ni ukaribu, yaani kupunguza nafasi kati ya mtu na mtu.

Ofisi za umma zimeligeuza kuwa chombo cha kuongeza nafasi hiyo. Tazama hivi karibuni. "Kiongozi alizuru hivi karibuni" hutazama nyuma. "Maji yatafika hivi karibuni" hutazama mbele, lakini kuelekea siku isiyo kwenye kalenda. Mwandishi wa tangazo hasemi uongo wala kweli. Anaahidi bila kujitwisha deni.

Nilikutana na ahadi hiyo Ivuna, wilayani Momba. Mama mmoja alifuatilia hati ya kimila ya shamba lake, akajibiwa "hivi karibuni". Tangu siku hiyo amevuna mara tatu, na mpaka wa shamba bado unagombewa. Ivuna hiyohiyo inajulikana kwa wanasayansi duniani kwa kimondo kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938. Jiwe lisilo na miadi na mtu yeyote lina tarehe. Ahadi yenye mhuri haina.

Mtumishi atajitetea kwamba fedha hutoka juu, naye hawezi kutaja siku. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi ukungu. Aseme: "Fedha haijafika, njoo tarehe fulani nikupe taarifa." Kwa jibu hilo mwananchi anaweza kupanga safari, nauli na msimu wake. Taasisi nyingi tayari zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaotaja muda wa kila huduma. Kuandika "hivi karibuni" mbele ya mkataba huo ni kuukana.

Basi, ndugu mtumishi, lifute neno hilo katika barua zako, uweke tarehe na cheo cha anayewajibika. Nawe mwananchi, ukiambiwa "hivi karibuni", uliza papo hapo: lini, na nimwone nani? Kisha andika jibu mbele yake.