Ufunguo si Spana

GATINI, na Bin Nahodha

Anayepiga stata mpaka betri inakufa, wala hajui kama mafuta yanafika kwenye injini, huyo si fundi. Nalisema mapema ili asiyetaka kulisikia ageuze ukurasa.

Wiki hii nilikuwa Nyamisati, nasubiri kuvuka kwenda Kilindoni. Wanaoijua safari ya Mafia wanajua kuwa pale mwenye amri ni maji. Yakijaa unaondoka, yakitoka boti inalala kwenye tope la mikoko na wewe unalala nayo. Tulikuwa tumeshapanda, mizigo imefungwa, maji yamejaa vizuri. Nahodha akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka kwa nguvu zote, haikuwaka. Akarudia. Fundi wa boti, mtu mzima mwenye mvi, akakaa kando ya injini na kutoa lile neno ambalo wasomaji wangu wa siku zote mnajua nina vita nalo: "Itawaka tu."

Nikatazama eksozi. Hakuna moshi. Si mweupe, si mweusi, hata harufu ya dizeli haikuwepo.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Tangu Rudolf Diesel alipofanikiwa na yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, inadai mambo yale yale: hewa igandamizwe ndani ya silinda mpaka ishike joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha dizeli irushwe humo ikiwa ukungu. Moshi mweupe ungetuambia kwamba mafuta yanaingia ila hayaungui, basi tutafute kasoro kwenye mgandamizo au nozeli. Lakini injini inazunguka vizuri na eksozi ni kavu! Betri haina kosa, stata haina kosa. Mafuta hayafiki. Kuendelea kupiga stata hapo ni kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kijana mmoja, baharia wa kufunga kamba, akasema kwa adabu: "Mzee, tufungue hapa kwenye filta kwanza. Naona imevuta hewa." Mzee hata hakugeuka. "Injini hii naijua wewe hujazaliwa." Na abiria wakawa upande wa mzee: "Nahodha, piga tena, imekaribia!" Imekaribia wapi? Umri una heshima yake, nami huamkia wakubwa zangu kila mahali, ila hewa iliyonasa kwenye bomba la mafuta haiondoki kwa sababu ya mvi za mtu.

Ikaja spirei ya kuwashia. Hapa ndipo damu ilipochemka. Spirei ile huwaka mapema mno, pistoni bado inapanda. Ringi huvunjika, pistoni hupasuka, na kwenye injini zenye plagi za kupasha joto inaweza kumlipukia usoni anayeipuliza. Isitoshe, injini iliyokosa mafuta itakohoa kwa spirei na kuzima spirei ikiisha. Ikakohoa. Watu wakashangilia. Ikazima. Mara stata ikaanza kuzunguka kwa kujikokota, halafu ikabaki kulia tik tik, halafu basi.

Na kuna hatari nyingine ambayo mafundi wa magari wanaohamia baharini hawaijui. Kwenye boti ambayo maji ya kupozea hutoka pamoja na moshi, ukipiga stata muda mrefu pampu inaendelea kuvuta maji ya bahari na kuyamwaga kwenye eksozi, na moshi wa kuyasukuma nje haupo. Yanajaa, yanarudi mpaka kwenye silinda. Maji hayagandamiziki, pistoni ikiyakuta, kinachopinda ni chuma. Funga valvu ya maji ya bahari unapohangaika, ifungue mara tu injini inaposhika.

Ndipo yule kijana alipoachiwa nafasi. Spana namba kumi ikaazimwa boti ya jirani, maana chombo kinachobeba roho za watu hakikuwa nayo. Akafungua chini ya filta: maji yakatangulia, tope jeusi likafuata. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini ya tangi yakisubiri wimbi liyatikise. Akalegeza skrubu ya juu, akapampu kwa mkono. Lilitoka povu, likaja povu tena, hata ikachuruzika dizeli isiyo na kiputo. Betri ya kuazima ilipofungwa akalegeza nati za mabomba ya nozeli, stata ikapigwa kidogo, mafuta yakaonekana, akakaza. Injini ikanguruma.

Maji yalikuwa yameshatoka. Tukalala Nyamisati. Mama mmoja aliyekuwa akimrudisha mtoto kutoka hospitali Dar es Salaam alitandika khanga chini, hana hela ya chumba wala ya chakula cha usiku. Alichobakiwa nacho alikitoa nauli.

Mwenye boti, nakusema wewe. Boti yako ina rangi mpya, ina dua imeandikwa ubavuni, ina spika zinazosikika ng'ambo. Filta ya akiba haina, na dizeli inamiminwa kutoka kwenye madumu bila kuchujwa. Wakaguzi wanahesabu majaketi ya kuokolea, na wahesabu kwelikweli, lakini waulize pia filta ilibadilishwa lini. Safari hii injini iligoma tukiwa tumefungwa gatini. Ikizima katikati ya Mlango wa Mafia, mkondo ukiwa mkali, huyo mzee wa "itawaka tu" atamwambia nini mama mwenye mtoto mapajani?

Nauli yake iliingia kwenye simu yako kabla stata haijapigwa. Mrudishie.