Tusiwakaririshe watoto kuwa "take" ni "chukua" tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza, yaani "take". Huenda wasomaji wengine wakaona ni jambo dogo. Hata mimi nililiona dogo mpaka likizo ya Juni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dakawa, na nimefundisha Kiingereza tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Kila mwaka nimekuwa nikiandika ubaoni: take – chukua. Watoto wanaitikia kwa pamoja, wanakariri, nami natia alama ya vema. Basi likizo hiyo alinijia kijana niliyemfundisha, aliyefaulu vizuri akaenda Kidato cha Kwanza, daftari la hisabati mkononi. Swali lilimtaka atafute mzingo wa duara, na mwisho wake limeandikwa "Take π = 22/7". Hakuwa ameandika kitu. Nilipomwuliza sababu akanijibu, "Mwalimu, wameniambia nichukue, ila sikujua nichukue nipeleke wapi." Nilipomweleza kwamba hapo maana yake ni "chukulia kuwa", aliimaliza hesabu kabla chai haijapoa. Hesabu alikuwa anaijua siku zote, maana alijifunza kwa Kiswahili.

Ndugu Mhariri, niliona aibu, kwani kosa lilikuwa langu.

Shule ilipofunguliwa nikawaandikia Darasa la Saba: "Take 7 from 15". Zaidi ya nusu ya darasa walijibu 7. Wameambiwa wachukue saba, wamechukua saba. Nani wa kuwalaumu?

Neno hili ni kinyonga. Ukisema "take tea" ni kunywa chai, "take a bus" ni kupanda basi, "take a photo" ni kupiga picha, na "take an exam" ni kufanya mtihani. Likifuatwa na "off", viatu huvuliwa na ndege huruka. Likifuatwa na "after", mtoto amefanana na mzazi wake. Likifuatwa na "place", jambo limetukia. Tena si neno la Waingereza tangu asili. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nalo likakisukuma nje kitenzi cha wenyeji.

Lakini tusiwacheke Waingereza. Sisi tuna "piga". Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga hodi, na hakuna anayeumia. Mgeni akifundishwa kwamba "piga" ni kuchapa basi, siku ya uchaguzi atatafuta fimbo. Mtoto wa hapa Dakawa hakufundishwa "piga" kwa orodha. Alilisikia likiwa na wenzake, mama akipiga deki na jirani akipiga hodi, mpaka likamkaa.

(Kwa pembeni niseme kwamba "take" limekwisha kuingia hata katika Kiswahili chetu. Siku hizi kila mtu anasema safari "inachukua" saa mbili, wakati wazee wetu husema ni mwendo wa saa mbili.)

Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na sekondari zinafundisha kwa Kiingereza. Ubishi juu ya lugha ipi itumike ni wa siku nyingi na sitauingia leo. Ninachosema ni kwamba maadamu mtoto wa mkulima wa mpunga atalivuka daraja hilo, asiangushwe na neno aliloliona tangu madarasa ya chini.

Mimi sasa nimebadili. Siandiki tena "take" likiwa pweke ubaoni. Kila wiki naliandika pamoja na wenzake wawili au watatu, watoto wanalitenda kwa vitendo, wanavua viatu kweli na kujifanya wanapanda basi, halafu wanatunga sentensi zao. Yanakuja pia maneno ya hisabati, hata kama mtihani wetu wa hisabati ni wa Kiswahili. Kazi ni ngumu kwa darasa la watoto themanini na zaidi, na mpaka sasa sijafika kwa "get", ambalo naliogopa zaidi.

Ombi langu ni kwa wanaotunga vitabu vya kiada. Orodha za msamiati zenye neno moja la Kiingereza na neno moja la Kiswahili mkabala wake zinatupotosha sisi walimu kabla ya watoto. Vitenzi kama "take", "get", "make" na "put" vipewe kurasa zao. Na walimu wenzangu wa sekondari, mtoto asipojibu swali, mwulizeni kwanza ameelewa ameambiwa afanye nini.

Je, wahusika wanalionaje jambo hili?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Dakawa, Morogoro.