Mtoto acheze hesabu, lakini aziandike pia

Ikiwa shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 28 za Uganda, vitunguu vya shilingi 350 za Kenya ni 9,800 za Uganda, na anayelipa kwa noti ya 10,000 anarudishiwa 200. Katika masoko ya Busia na Malaba, na vijijini Mella wilayani Tororo, wapo watoto wa miaka kumi wanaoifanya hesabu hiyo kichwani kabla mteja hajafungua mkoba. Wanajua pia kwamba gunia la mahindi lililopimwa kwa kilo upande mmoja huuzwa kwa gorogoro upande wa pili, na kwamba gorogoro iliyobonyea si gorogoro.

Kisha mtoto huyo huyo anarudi kutoka shuleni na daftari lililojaa alama nyekundu. Wazazi wengi husema ni uvivu, au mwalimu hafundishi. Huenda sivyo. Mwaka 1985, Terezinha Carraher na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani mjini Recife, Brazili. Walipoulizwa bei na chenji kama wateja wanavyouliza, watoto hao walipata asilimia 98 ya majibu. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipoandikwa kwa mtindo wa shule, walipata asilimia 37. Watoto watano ni wachache, kweli. Lakini mwaka 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti wa watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi, India, na picha ikawa ile ile. Na wanafunzi wasiofanya kazi sokoni walikuwa na tatizo la upande wa pili: waliyaweza ya daftari, ya sokoni yakawashinda.

Kwa hiyo mtoto wa mpakani hana upungufu wa akili ya hesabu. Anakosa daraja la kumvusha kutoka sokoni hadi kwenye daftari. Ndipo swali la michezo ya simu linapokuja, maana simu ya mama tayari imo mikononi mwa mtoto wakati mama akihudumia wateja.

Tunaunga mkono michezo hiyo, na tuna sababu. Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Tanga, Tanzania. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa tableti zenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, mengi yakiwa katika sura ya michezo. Wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Tableti zilichajiwa kwa umeme wa jua na hazikuhitaji bando kila siku. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa, na mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya Kitkit School na onebillion. Programu zote tano za fainali ziliachwa wazi ili yeyote azitumie bure. Tanzania hiyo hiyo ndiko kilikozaliwa kipindi cha Ubongo Kids mwaka 2014, kinachofundisha hesabu kwa katuni na nyimbo, na watoto waliweza kujibu maswali yake kwa ujumbe mfupi, hata kwa simu ya mulika mwizi.

Lakini mchezo peke yake hautoshi. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Delhi kwa watoto wa chekechea zaidi ya 1,500 waliocheza michezo ya hesabu, ya ana kwa ana na si ya simu. Uwezo wao wa kukadiria idadi na maumbo uliongezeka, na ukadumu. Walipoingia darasa la kwanza, hata hivyo, hesabu zao za shule hazikuwa bora kuliko za wenzao. Mchezo uliamsha hisia ya namba bila kuiunganisha na tarakimu na alama za kuandika. Anayempa mtoto simu akadhani kazi imekwisha anarudia kosa hilo.

Kuna pia gharama. Uganda ilianza kutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti Julai 2021, na sheria yenyewe ikasamehe data ya elimu na ya matibabu. Ni kifungu kizuri. Ila mzazi wa Mella anaponunua bando dukani, hakuna anayemuuliza kama ni la masomo ya mtoto au la kutazama mpira, analipa tu. Kenya nayo, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, iliweka ushuru wa asilimia 15 kwenye huduma za simu na data. Ongeza kero ambayo kila mkazi wa mpakani anaijua: simu kudaka mtandao wa ng'ambo na salio kuyeyuka. Nchi za Jumuiya zilianza kukubaliana juu ya gharama za kupigiana simu tangu 2014. Tunawataka mawaziri wa elimu na wa mawasiliano wakae sasa waandike orodha moja ya programu za masomo zisizokatwa bando upande wowote wa mpaka.

Mpaka hapo, pakua mchezo mara moja mahali penye mtandao wa uhakika, kisha zima data mtoto anapocheza. Hilo linaokoa bando, na linafunga mlango wa matangazo ya kamari yanayojipenyeza kwenye michezo ya bure. Uganda hairuhusu aliye chini ya miaka 25 kubashiri, Kenya inaruhusu mapema zaidi. Kijana anaweza kuwa mtu mzima kwa kuvuka daraja tu! Simu yenyewe haijui hata hilo. Inamwonyesha mtoto wa miaka tisa ndege inayopaa na pesa zinazozidishwa, naye anaona ni mchezo kama mingine.

Halafu kuna daftari la mauzo. Mtoto akimaliza nusu saa yake ya mchezo, mpe daftari hilo na kalamu. Aandike alichouza leo: kilo ngapi, mara bei gani, kwa shilingi ya nchi gani, na alama ya kuzidisha na ya usawa mahali pake. Akikosea, msahihishe kwa fedha zilizoko mezani.