Damu ya Barabara Kuu, Majibu kwa Kiingereza

Dai kwamba elimu ya tiba kuhusu virusi na saratani imetengenezwa Ulaya na kushushwa mpakani kama shehena ya lori ni dai la uongo, na ubaya wake huzidi linapotamkwa Tunduma, kwa sababu sehemu ya elimu hiyo ilitokana na damu ya wanawake waliokuwa wakitafuta riziki kandokando ya barabara kuu ileile inayopita katikati ya mji huo. Safu hii imekwisha kulalamikia uvumi mara nyingi, na wasomaji wake wanamfahamu vizuri yule wanayemwita Profesa wa Kijiwe, mtu asiyekosekana katika maegesho yoyote ya bodaboda kuanzia Mlowo hadi ng'ambo ya Nakonde. Lakini lililosikika wiki hii limevuka uvumi wa kawaida, kwa kuwa limegusa uhai wa mtoto wa kike.

Jirani na stendi ya mabasi ya Tunduma, mama mmoja alikuwa akiuliza iwapo amruhusu binti yake wa darasa la tano kupata chanjo ya HPV, yaani virusi vya papiloma vya binadamu, ambavyo huambukizwa hasa kwa kujamiiana na ambavyo aina zake chache ndizo zinazosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kabla swali halijaisha, mwanamume aliyeketi kwenye benchi la chai alimjibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi, kwamba waliojaribiwa ni Wazungu watupu, na kwamba hakuna daktari aliyewahi kumpima mwanamke wa huku mpakani ili kujua mwili wake unapambanaje na virusi. Waliokuwa karibu waliitikia. Mhudumu wa afya aliyekuwa akisubiri gari la kwenda Vwawa alisema tu kwamba chanjo ni salama kwa sababu serikali imesema hivyo, na yule mama akaondoka na kadi ya mtoto mkononi, bila kueleza ameamua nini.

Linaloudhi zaidi katika mazungumzo hayo ni jibu la mhudumu kuliko maneno ya yule mwanamume, kwa sababu mwanamume alitoa hoja, ingawa ni hoja za uongo, ilhali mtu pekee aliyepaswa kuwa na ukweli alitoa amri. Mama aliyeuliza kuhusu mwili wa mwanawe alistahili kuelezwa kwamba chanjo ya HPV haina kirusi hai wala kilichouawa, bali imetengenezwa kwa protini moja ya ganda la nje la kirusi, inayoitwa L1, ambayo hujipanga yenyewe ikawa ganda tupu lisilo na chembe za urithi ndani yake, hivyo haliwezi kuambukiza wala kuzaliana, wala kuleta saratani. Kazi yake ni kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili kabla kirusi chenyewe hakijafika. Maelezo hayo hayazidi muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Kuhusu Wazungu watupu, utafiti uliopima iwapo dozi moja inatosha ulifanyika Mwanza, ambako wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walianza kuandikishwa mwaka 2017, na zaidi ya asilimia 98 ya waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya HPV aina ya 16 miaka miwili baadaye. Nchini Kenya, Profesa Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI aliongoza pamoja na wenzake utafiti wa wasichana na wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20, ambao matokeo yake ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu kwa zaidi ya asilimia 97 katika kipindi cha miezi 18. Tanzania, iliyoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili nchi nzima mwaka 2018, ilihamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14 mwezi Aprili 2024, baada ya ushahidi uliochangiwa na watoto wa Kanda ya Ziwa.

Dai la tatu, kwamba mwanamke wa huku hajawahi kupimwa, ndilo linalouma. Mwaka 2000 wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa na nyumba za wageni za Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulikuwa bado unajumuisha Tunduma, Vwawa na eneo lote lililokuja kuwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, walikubali kupimwa na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa, na taarifa ya kwanza, iliyochapishwa na Gabriele Riedner na wenzake mwaka 2003, ilionyesha kwamba asilimia 68 kati yao tayari walikuwa na VVU. Kutoka katika damu yao wanasayansi walijifunza kwamba aina tofauti za VVU zilikuwa zikikutana na kuchanganyika katika ukanda huu wa barabara, na kwamba mtu mmoja anaweza kubeba zaidi ya aina moja kwa wakati mmoja. Wanawake hao walikuwa wakitazamwa kwa dharau na haohao waliowahudumia vinywaji, na ni wao walioipa dunia sehemu ya inayoyajua leo.

Juu ya msingi kama huo ndipo ilipojengwa kazi ya Mkunde Chachage, mtafiti wa kinga ya mwili katika kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambayo kwa yeyote anayeifuata kuanzia mwanzo inaonekana kuwa swali moja lililoulizwa kwa njia nyingi: ni seli zipi hasa za kinga zinazochokozwa au kupotea, na zikisha kupotea ni ugonjwa gani unaopata nafasi? Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa namna minyoo inavyozichangamsha seli T, yaani zile seli nyeupe za damu zinazotambua adui mmojammoja na kuongoza mapambano, jambo lenye uzito kwa kuwa seli iliyochangamka ni windo rahisi la VVU. Mwaka 2016 walionyesha kwamba seli T zenye kumbukumbu ambazo kazi yake ni kutuliza kinga isivuke mipaka hushambuliwa na VVU mara kwa mara. Mwaka 2021, katika utafiti ambao Wilbert Mbuya alikuwa mwandishi wake wa kwanza, walifikia saratani yenyewe, walipoonyesha kwamba wanawake wanaoishi na VVU wana upungufu wa seli T zinazotambua E6 na E7.

Protini hizo mbili zinahitaji kuelezwa, kwa sababu ndizo kiini cha hatari yote. Maambukizi mengi ya HPV huondolewa na kinga katika muda wa mwaka mmoja au miwili, lakini yanapodumu, E6 na E7, ambazo kirusi huzitengeneza ndani ya seli za mlango wa kizazi, huzima protini za mwili zinazozuia seli kugawanyika ovyo, na baada ya miaka mingi seli hizo huweza kuwa saratani. Mwanamke aliyepoteza seli T zinazozitambua E6 na E7 amepoteza uwezo wa kuona hatari ikikua, na hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mwenye VVU anakabiliwa na hatari ya saratani hiyo takriban mara sita ya asiye na VVU. Katika mkoa wenye malori yanayolala foleni, nyumba za wageni zisizofungwa usiku na hospitali ya saratani ya Ocean Road iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 900, maelezo hayo ni ya lazima kuliko matangazo yote yanayobandikwa kwenye kuta za zahanati.

Sababu ya maelezo hayo kutofika stendi ya Tunduma haihitaji kutafutwa mbali: mtafiti hupandishwa cheo kwa makala ya Kiingereza, hakuna anayempandisha kwa mkutano wa hadhara. Ukosefu huo wa kuwarudishia majibu waliotoa miili yao ni wa zamani. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda mwaka 1958, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo huko London. Ugonjwa ukapewa jina la Burkitt, kirusi kikapewa majina ya Epstein na Yvonne Barr, na watoto waliotoa nyama ya miili yao hawakutajwa.

Fomu ya ridhaa, yaani karatasi ambayo mshiriki huisaini kabla ya kutolewa damu, huandikwa kwa Kiswahili na husomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma, kwa sababu kanuni za maadili ya utafiti zinadai hivyo. Kanuni zilezile zingeweza kudai muhtasari wa kurasa mbili za matokeo, kwa lugha ileile, ufikishwe kwa mhudumu wa zahanati na kwa wahudumu wa baa, na kamati zinazotoa vibali zingeweza kuukataa utafiti mpya wa damu mpaka muhtasari wa ule uliotangulia uonekane. Kiswahili kilichotosha siku ya kuomba damu hakiwezi kusingiziwa upungufu wa maneno siku ya kutoa majibu.